Uso wa Kuazima

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu bila kulipatia jibu: kwa nini muhogo ule ulimenywa. Aliyeingia katika nyumba ya Kasimiri kule Kibamba angeweza kuvunja vyombo, kuzima taa, au kumkaba mtu usingizini, mambo ambayo tumezoea kuyasikia. Yeye alimenya muhogo. Aliumenya vizuri, akatoa mizizi ya katikati, akaupanga kwenye sufuria ya maji, na maganda akayakusanya kando ya kigoda. Mtu aliyekuja kudai haki yake hamsaidii kazi anayemdai. Au labda huko alikotoka ndivyo mgeni anavyobisha hodi. Sijui.

Siku ile Bupe alirudi kutoka kazini alasiri. Alikuwa akikata tiketi katika ofisi ya kampuni moja ya mabasi pale stendi ya Mbezi Luis, na wiki hiyo alikuwa na zamu ya alfajiri. Alipoiona sufuria akadhani mumewe amemwonea huruma.

"Makubwa haya! Leo Baba Herieth umemenya muhogo mwenyewe?"

Kasimiri alitoka kwenye chumba alichokuwa akichorea, vidole vyeusi kwa mkaa. "Nimenye saa ngapi? Si wewe? Nimekusikia tangu mchana unakwaruza huko jikoni, nikasema leo umewahi."

"Mie ndiyo kwanza naingia. Mkoba huu hapa begani."

Walikuwa bado wanatazamana Mama Praygod alipoingia, yule jirani aliyekuwa akiwaangalilia mtoto. Alikuwa amemshika Herieth mkono, na mdomo ameubinua.

"We shosti, tumegombana? Unanipita getini mchana kweupe, hata salamu! Nakuita, umekaza macho mbele kama mdoli wa dukani."

"Mie?"

"Kwani nina jirani gani mwingine? Au kwa vile siku hizi picha yako iko stendi, sisi wa uswahilini hatufai tena?"

Walicheka, kwa kuwa Mama Praygod alikuwa na kipaji cha kugombana kwa namna ya kuchekesha. Muhogo ulipikwa kwa nazi, ukaliwa. Ulikuwa mtamu sana. Baadaye, hilo ndilo lililomkosesha Kasimiri raha kuliko yote: kwamba walikula, na wakaongeza.

Kasimiri alikuwa mtu wa vita, ingawa hakuwahi kushika bunduki. Alizaliwa Newala, akalelewa Dar es Salaam na wajomba zake wachonga vinyago, lakini yeye patasi ilimshinda, akashika mkaa na karatasi. Kwa miaka mingi alikuwa akizifuata vita, akizichora na kuandika habari zake kwa magazeti ya hapa na ya nje. Mahali ambapo mpiga picha hunyang'anywa kamera, au huuawa kwa ajili yake, mtu mwenye mkaa hupita akionekana mpumbavu. Askari walikuwa wakimcheka, kisha wakapanga foleni wachorwe. Alikwenda Kongo ya mashariki, akaenda Sudan Kusini, na mwishoni akavuka Ruvuma kuingia kaskazini ya Msumbiji, ambako watu walizungumza lugha ya mama yake, Kimakonde.

Alikuwa na kanuni moja. Alichora mwili wa mtu kama ulivyo, mikono, magoti, mkunjo wa kanga, lakini mahali pa uso aliacha duara tupu. Usiku, alikofikia, alilijaza duara lile kwa uso wa mtu mwingine aliye mbali na vita ile: kondakta wa Temeke, mwinjilisti mmoja, marehemu mjomba wake. Wala hakuuliza majina. Watu wenye silaha nao husoma magazeti, na Kasimiri hakutaka mchoro wake uwe njia ya kumfikia mtu yeyote. Sioni kosa katika kanuni hiyo. Imeokoa watu.

Katika kambi moja ya waliokimbia makazi yao alimchora bibi mzee sana akimenya muhogo. Uso wa bibi huyo ulikuwa na nembo, zile chale za Wamakonde wa zamani ambazo msichana alichanjwa kwa wembe na kupakwa masizi: mistari kwenye paji la uso, mashavuni, kidevuni. Vijana wa leo hawanazo. Lakini anayejua kuzisoma huzitazama mara moja akajua huyu ni wa kijiji gani, wa ukoo upi, na hata mkono wa fundi aliyemchanja. Mjukuu wa bibi alimvuta Kasimiri pembeni. Kijiji chao kilikuwa kikitafutwa na pande zote mbili, kila upande ukiwaita wasaliti. "Mchore bibi, kaka, lakini uso wake usitoke hapa." Kasimiri akaahidi. Na ili ahadi isije ikamponyoka hata akibanwa, aliamua kutomtazama bibi usoni kabisa. Alichora mikono, akaacha duara, akaondoka.

Usiku ule alikuwa na hamu ya nyumbani. Akalijaza duara kwa uso wa mkewe.

Wiki chache baada ya kurudi alipata habari kwa simu kwamba bibi amefariki. Wajukuu walikuwa wameshahamishiwa kwingine, akazikwa na watu wasiomjua. Picha yake, wakati huo, ilikuwa imependwa. Ile mikono mikavu ya uzee na ule uso laini wa mwanamke kijana viliwagusa watu bila kujua kwa nini. Shirika moja la misaada liliikuza ikawa bango, likalitundika kwenye ukuta wa stendi, na huko ndiko Bupe alikokutana nalo.

"Dada Bupe, kumbe staa!" Cyprian, kijana waliyekaa naye dirisha moja, alimtania. "Unatangaza muhogo, na sie hutuambii!"

Jioni alimuuliza mumewe. Kasimiri akamweleza yote, kisha akasema, "Uso wako ndio ninaoujua bila kuutazama."

Bupe alitabasamu, maana maneno yalikuwa mazuri. "Ungeniuliza tu," akasema.

Baada ya siku ya muhogo nyumba haikutulia tena. Mchana, jua likiwa la utosi, kisu kilisikika jikoni kikikwaruza, kwaru, kwaru, kikinyamaza mtu alipofika mlangoni. Kigoda kilikutwa kimehamishwa, kimetazama mlango. Palikuwa na harufu pia, ya moshi wa mafuta ya mbarika, harufu nzito ya taa za zamani, na iling'ang'ania zaidi kwenye nguo za Bupe kuliko mahali pengine. Alizifua, akazianika, akazifua tena. Bupe alikuwa Mmoravian wa Tukuyu, mtu wa kwaya. Alileta wazee wa kanisa wakaomba, na walipokuwa wakiomba kisu kilinyamaza, kikasubiri waage.

Kisha watu wakaanza kumpoteza. Simu yake ilikuwa ikifunguka kwa kuonyeshwa uso. Asubuhi moja ikakataa, akadhani imeharibika. Abiria waliozoea kuja dirishani kwake wakawa wanapita kwa Cyprian. Siku nyingine Cyprian mwenyewe aliinua macho akasema, "Samahani sista, huku ni kwa wafanyakazi tu," na Bupe alipomjibu ndipo akaijua sauti, akacheka, lakini kicheko kilimfia mdomoni. Kwenye kioo Bupe alijiona yuleyule. Akajigusa pua, akajigusa kidevu. Vilikuwepo vyote.

Herieth, aliyekuwa na umri wa kuanza chekechea, ndiye aliyelisema wazi. Bupe alirudi akiwa amemletea maandazi, akapiga magoti amkumbatie, na mtoto akarudi nyuma hadi ukutani.

"We siyo Mama."

"Herieth, usinitanie. Njoo."

"We siyo Mama. Mama yuko jikoni anamenya."

Bupe alibaki amepiga magoti, mfuko wa maandazi mkononi. Jikoni kisu kilikuwa kikikwaruza taratibu, na safari hii hakikunyamaza.

Kasimiri alikuwa ameshasikia mizinga ikilia usiku kucha na akaweza kulala. Alijidanganya kwamba hofu yake aliimaliza huko. Siku iliyofuata, mchana, alikuwa chumbani akichora simu ilipoita, na alikuwa Bupe, akipiga kutoka stendi, akiongea kwa sauti ya chini kama mtu anayejificha chooni.

"Baba Herieth. Meneja ananiuliza kitambulisho. Ananiambia picha siyo yangu. Uko wapi?"

"Niko nyumbani. Tulia kwanza. Mpe Cyprian niongee naye."

"Cyprian ananiangalia tu. Na wewe mbona unanong'ona?"

Alikuwa akinong'ona kwa sababu mlango wa chumba ulikuwa umefunguka bila kulia, mlango ambao siku zote hulia, na mkewe alikuwa amesimama pale, akiwa na uso wake wote, na kale kadoa chini ya jicho, na ule mdomo ambao yeye Kasimiri alikuwa ameuchora mara nyingi hadi mkono ukauzoea, akimtazama bila kupepesa kama mtu aliyeitwa akaambiwa asubiri, na huku simu sikioni Bupe akiendelea kumwita, Baba Herieth, Baba Herieth, unanisikia, huyu wa mlangoni akainua mikono yake polepole akajishika mashavu, na mikono ile ilikuwa mikavu, mieusi kwenye viungo, mikono ya bibi wa miaka mingi, na kila kidole, kila kovu la kisu, kila mkunjo, Kasimiri alikuwa akiujua, kwa sababu alikuwa ameuchora yeye.

"Bupe," akanong'ona kwenye simu, "usije nyumbani. Nakufuata. Usije nyumbani."

Shomari alikuwa fundi wa friji Chang'ombe, karibu na karakana za wachomelea vyuma, na ufundi wake wa pili ulijulikana bila kibao chochote. Mama Praygod, ambaye hakuna jambo lililompita, ndiye aliyewaelekeza. Herieth akabaki kwake. Mzee aliwapokea nyuma ya karakana, katikati ya makopo ya gesi na majokofu yaliyofunguliwa migongo, huku ng'ambo ya ukuta misumeno ya chuma ikipiga kelele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Kaeni. Hilo jokofu halina mwenyewe, kalieni tu."

Aliwasikiliza bila kuwakatiza. Kisha akamtazama Bupe kwa muda mrefu, akifinya macho kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika.

"Majini nayajua," akasema. "Jini lina jina lake, lina siku yake, linataka shuka, linataka marashi, tunaelewana. Huyu siyo jini. Huyu ni marehemu, na hajafika anakokwenda. Tumuulize mwenyewe."

Alichoma ubani, akamfunika Bupe shuka jeupe, akasoma kwa sauti ndogo. Muda ukapita, misumeno ikiendelea. Ghafla umeme ukakatika mtaa mzima, kelele zikaisha, na katika ukimya ule harufu ya mafuta ya mbarika ikawajia kana kwamba mtu amewasha taa. Chini ya shuka Bupe alianza kuongea Kimakonde. Bupe hakujua Kimakonde hata neno la kuombea maji.

Kasimiri ndiye aliyetafsiri, na alichofanya kwanza, kabla ya kuuliza lolote, kilikuwa kumwamkia. "Shikamoo bibi."

Kisha sauti ile ikaitikia, kwa pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hapo Kasimiri akaelewa ni kwa nini Mama Praygod hakusalimiwa getini. Mkubwa haanzi. Mkubwa hungoja aamkiwe, naye alikuwa amengoja siku zote hizo.

"Anasema nini?" Shomari akauliza.

"Anasema amefika kule. Mama yake alikuja kumpokea, akampita." Kasimiri akainama asikilize tena. "Dada zake nao wakampita. Wanamuuliza, wewe ni wa nani? Anataja jina lake, wanamwambia, jina hilo ni la ndugu yetu, na ndugu yetu tunamjua kwa uso. Hana nembo. Uso alionao ni ule wa kwenye picha, na siyo wa kwao."

Jina alilotaja sitaliandika hapa, kwa kuwa wajukuu zake bado wako huko.

"Basi kazi ndogo," Shomari akasema. "Mchoraji ni wewe. Mchore na nembo zake, tuzike karatasi kwa dua, aende."

Kasimiri alifungua mkoba, akatoa karatasi na mkaa. Akaanza. Mkono ukasimama. Alijua mikono ya bibi yule, alijua magoti yake, alijua mpaka namna kanga ilivyofungwa. Mahali pa uso palikuwa na duara. "Sikumtazama," akasema. "Niliogopa kuujua."

Akamwomba bibi amweleze. Sauti ikacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na meno. Alisema hakuwahi kuwa na kioo. Uso wake aliujua kwa vidole tu, tangu siku ile alipochanjwa na kuambiwa asikune. Kasimiri akamwekea mkaa mkononi na karatasi mapajani. Mkono wa Bupe, ukiwa umekauka ghafla, ulipapasa karatasi, ukaigeuza, ukaitafuta pua, haukuipata, ukaitupa chini. Ukaanza kupapasa hewani.

Shomari ndiye aliyeona kwanza. "Anatafuta uso," akasema. "Na uso ulio karibu naye ni wa mkeo."

Kweli, vidole vilikuwa vimeanza kupanda shingoni mwa Bupe, mkaa umeshikwa kama wembe. Kasimiri akaukamata mkono ule, akauvuta, akauweka kwenye paji lake mwenyewe.

"Hapa, bibi. Chora hapa."

Alichora polepole, bila kusita hata mara moja, mistari mitatu mitatu iliyokutana kwa pembe, akishuka mashavuni, akirudi, akipapasa kwa kidole kisha akifuata kwa mkaa. Alipofika kidevuni mkono ukalegea. Bupe akaanguka mbele, akafumbua macho, na shuka likamdondoka. Alikuwa Bupe, lakini mumewe alilazimika kumtazama mara mbili ili awe na hakika.

Wakamweleza. Shomari hakuficha kitu. "Mkaa utafutika mumeo akinawa," akasema, "na bibi atarudi, na safari ijayo hataomba. Nembo ni ya kuchanja. Wembe ninao, masizi ya mbarika ninayo. Lakini uso wa nani, hilo siamui mimi."

Nitasema sasa kilichofuata baadaye, msomaji asiwe na wasiwasi. Jikoni kule Kibamba kisu hakikusikika tena. Jioni ile Herieth alimkimbilia mama yake tangu getini, akamdai maandazi. Kasimiri hajavuka Ruvuma tena. Hachori vita, na wahariri walioacha kumpigia simu siwalaumu. Siku moja sokoni Temeke ajuza mmoja kutoka kusini alisimama mbele yake, akamsoma paji la uso, kisha akainama akamwamkia kwa jina la mwanamke. Kasimiri aliitikia. Anasema mdomo uliitikia kabla yake.

Lakini pale karakana, umeme ukiwa bado haujarudi, yote hayo yalikuwa hayajajulikana. Kilichojulikana ni kwamba kuna nyuso mbili, na bibi lazima apate mmoja.

"Ukichanjwa hizi," Bupe alimwambia mumewe, "kule Msumbiji huwezi kurudi. Watakusoma kabla hujafungua mdomo."

"Najua."

"Kazi yako yote ni kupita kama mtu asiye wa popote."

"Najua, Bupe."

"Na ulipoutoa uso wangu hukuniuliza." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeweka kitu mezani ili kila mmoja akione.

Mkaa ulikuwa umemtiririka Kasimiri kwa jasho kando ya pua.

Shomari alikuwa ameshavua kandambili, amechana pakiti ya nyembe. "Basi, bwana, kaa chini ukutani. Dada, wewe toka nje, wake za watu huzimia."

"Sizimii," Bupe akasema. "Nipe huo wembe, mzee."

"Dada, hii kazi ina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mie. Mkono uliochora ni huu. Mzee tuwekee masizi karibu, na uendelee na dua yako."

Mzee alimtazama Kasimiri. Kasimiri aliitikia kwa kichwa, akakaa chini, akaegemeza kisogo kwenye jokofu bovu, akafumba macho. Bupe akamwambia afumbue, atazame. Akafumbua. Bupe akamshika kidevu kwa mkono wa kushoto, kama anavyomshika Herieth akimsuka, akaanzia juu, kwenye paji, akifuata mkaa, akikata kisha akisugua masizi kwa kidole gumba. Ng'ambo ya ukuta wachomelea vyuma walikuwa wakipiga soga wakisubiri umeme. Damu ilipomwingia jichoni alimfuta kwa upindo wa kitenge chake, akamwambia asitikisike, akaendelea na mashavu. Mstari wa mwisho, ule wa kidevuni, aliukata akilia, lakini haukupinda.